Bakapu ya seva ndogo inapokwama njiani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wenzangu wanaotunza seva ndogo Malaba, Busia, Tororo na kwingineko Uganda. Nazungumzia ile kompyuta moja iliyo chini ya meza au ndani ya kabati, yenye vitabu vya hesabu, hati za mizigo zilizoskaniwa, rekodi za wagonjwa au alama za wanafunzi. Mimi ni fundi. Kazi yangu kubwa iko kwenye ofisi za mawakala wa forodha, na wao ndio walionipa kanuni ninayoitumia kwenye bakapu: mzigo huhesabiwa unapopakiwa na huhesabiwa tena unaposhushwa. Lori kupita getini hakuthibitishi kwamba mzigo wote umefika. Na faili ni vivyo hivyo.

Amri nilizoandika ni za Linux, na nyingi ni za rsync, programu ya kunakili faili, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras. Hadi leo sijaona inayoifaa zaidi intaneti ya kukatikakatika.

Bakapu imekwama. Nianzie wapi?

Anza kwa kusoma ujumbe ulioko kwenye skrini, neno kwa neno, kabla hujagusa chochote. Wengi wetu tukiona hitilafu tunakimbilia kuzima rauta na kuiwasha, na ushahidi wote unapotea. Piga picha skrini kwa simu. Kisha jiulize faili ilikuwa imefika wapi: kwenye diski inayosomwa, kwenye waya au Wi-Fi ya ofisi, kwenye intaneti, au kwenye diski inayoandikwa. Jaribu kipande kimoja kimoja. Nakili faili ile ile kutoka folda moja kwenda nyingine ndani ya seva hiyo hiyo. Ikigoma hapo, intaneti haina kosa. Ikikubali, ipeleke kwenye kompyuta nyingine ya ofisini. Ikifika hapo vizuri, ndipo uanze kushuku laini ya nje.

Kitu kingine cha kutazama ni mahali inapokwama. Faili ikisimama palepale mara mbili au tatu, umegonga kikomo fulani: diski imejaa, aina ya mfumo wa faili, au sehemu mbovu ya diski. Ikisimama leo kwenye asilimia 12 na kesho kwenye 71, tafuta waya, umeme au mtandao. Alama hiyo moja imeniokolea saa nyingi kuliko kifaa chochote nilichonunua.

rsync imemaliza na kunipa namba ya hitilafu. Ina maana gani?

Andika `echo $?` mara tu amri inapokwisha, utaiona namba yenyewe. 0 ni salama. 23 inasema baadhi ya faili hazikunakiliwa, na mara nyingi sababu ni ruhusa: unanakili kama mtumiaji asiyeweza kuzisoma. 24 inasema faili zilikuwepo wakati wa kuorodhesha lakini zikatoweka kabla ya kunakiliwa. Kwenye seva inayofanya kazi hilo ni kawaida, ila tazama ni faili zipi. 30 ni muda wa kusubiri kwisha, yaani laini imekaa kimya mno. 11 ni shida ya kusoma au kuandika faili, na ukipanda mistari michache juu utakuta "No space left on device". 12 ni mazungumzo kuvunjika katikati, labda upande wa pili diski imejaa au rsync yenyewe haijawekwa huko. 255 imetoka kwa ssh, programu inayokuunganisha na kompyuta ya mbali. Mara nyingi rsync haijapata hata nafasi ya kuanza.

Kila nikinakili faili kubwa kwenye fleshi inakatika kwenye GB 4. Fleshi ni mbovu?

Ofisi moja ya uwakala hapa Malaba ilikuwa na faili moja ya zip ya GB 11, hati za mizigo za miaka mitatu. Kila Ijumaa jioni karani aliinakili kwenye fleshi ya GB 32, na kila Ijumaa ilisimama kwenye GB 4. Mwenye ofisi akanunua fleshi nyingine mpya ya ukubwa ule ule. Ikasimama palepale. Aliponiita alikuwa ameziweka zote mbili mezani.

"Fundi, hizi ni bandia?"

"Hapana mzee, ni nzima zote mbili. Zimepangwa kwa mtindo usiokubali faili kubwa."

Mtindo huo ni FAT32, na ndio unaokuja kwenye fleshi nyingi za GB 32 kushuka chini. Faili moja haiwezi kuzidi baiti 4,294,967,295, hata kama fleshi ina nafasi tele. Diski ikisomwa na Linux peke yake, ipange upya kwa ext4. Ikihitaji kufunguliwa pia kwenye Windows, tumia exFAT. Kupanga upya hufuta kila kilichomo, kwa hiyo kwanza hamisha vilivyo ndani. Ukiwa huwezi kuipanga upya leo, kata faili vipande kwa `split -b 3G`, halafu siku ya kuirudisha viunge kwa `cat`.

Kuna jambo linalosahaulika: FAT32 na exFAT hazitunzi wamiliki wa faili wala ruhusa za Linux. Ukirudisha seva nzima kutoka huko, kila faili itakuwa ya mtu mmoja na huduma nyingi zitakataa kuwaka. Funga kila kitu ndani ya tar kwanza, yaani faili moja inayobeba zote pamoja na wamiliki na ruhusa zao.

Diski ina nafasi ya GB 60 lakini inasema imejaa. Kwa nini?

Tazama `df -i`. Kila faili inahitaji nafasi kwenye orodha ya diski, na orodha hiyo kwenye ext4 ina kikomo chake. Faili ndogondogo milioni kadhaa zinaweza kuimaliza wakati GB bado zipo. Zifunge kwenye tar moja.

Nimenunua fleshi ya TB 2 kwa bei nzuri sana. Faili zinaingia lakini baadaye hazifunguki.

Pole, lakini hapo wewe ndiye uliyeuziwa bandia. Zipo fleshi zenye GB 32 ndani, zilizochezewa zijitangaze kuwa TB 2. Zinapokea kila unachozipa bila kulalamika, na zikijaa zinaandika juu ya vya zamani au zinatupa vipya. Majina na ukubwa wa faili utaviona, ndani ni takataka. Kabla ya kuamini kifaa chochote kipya, kijaze na kukisoma chote kwa programu ya f3: `f3write`, kisha `f3read`. Itachukua saa kadhaa. Nawasihi sana, msiruke hatua hii kwa bakapu ya watu.

Intaneti yetu ni ya 10. Mbona GB 40 haziishi usiku mmoja?

Kwa sababu ile 10 ni megabiti, na faili hupimwa kwa megabaiti. Gawanya kwa 8. Megabiti 10 ni megabaiti 1.25 kwa sekunde, kwa hiyo GB 40 zinahitaji karibu saa 9, na hapo laini iwe imejaa usiku mzima bila kukatika. Tena laini nyingi hupakua kwa kasi kuliko zinavyopakia, nawe unapakia. Pima kasi ya kupakia peke yake ndipo upige hesabu.

Nakala ya kwanza isipelekwe kwa intaneti kabisa. Ninachofanya mimi: nakili kila kitu kwenye diski ya nje ukiwa ofisini, ifunge kwa usimbaji fiche wa LUKS, iweke kwenye mkoba wenye sponji, panda taksi uipeleke kule bakapu inakokaa. Kuanzia siku ya pili rsync itatuma mabadiliko tu, na kwa ofisi ya kawaida hayo ni megabaiti chache.

Usitegemee `-z`, inayobana data njiani, ikusaidie kwa picha za JPEG, zip au video. Hizo zimeshabanwa; utaichosha seva bure.

Ndani ya ofisi yenyewe kunakili kunakwenda MB 11 kwa sekunde, na vifaa vyote ni vya gigabiti.

MB 11 kwa sekunde ni alama ya laini ya megabiti 100. Andika `ethtool` ukifuatisha jina la kadi ya mtandao, utazame mstari wa Speed. Ukiona 100Mb/s, shuku waya. Megabiti 100 zinatumia nyaya nne tu kati ya nane zilizo ndani ya kebo, gigabiti inazitaka zote nane. Waya mmoja ukiwa haujabanwa vizuri kwenye kichwa, vifaa haviwezi kukubaliana kwenye gigabiti na vinateremka kimyakimya. Kila kitu kinafanya kazi, ila polepole, na hakuna anayejua.

Juzi nilikuta hilo kwenye ofisi ya ghorofa ya pili. Nilikishika kichwa cha kebo nikakigeuza kwenye mwanga wa dirisha: waya wa kahawia ulikuwa umeishia milimita mbili kabla ya kufika kwenye pini yake. Nilikata, nikapanga rangi upya, nikabana. Kasi ikapanda hadi MB 108. Mwezi mzima walikuwa wakiilaumu seva.

Kama seva inatuma kwa Wi-Fi, ihamishie kwenye waya kabla ya kunipigia simu.

Laini inakatika katikati, halafu bakapu inaanza upya kutoka sifuri. Nifanyeje?

Kwa kawaida rsync huandika faili inayokuja kwa jina la muda linaloanza na nukta, na ikikatika hulifuta. Faili ya GB 6 iliyofika asilimia 90 inatupwa yote. Iambie itunze kipande:

`rsync -a --partial-dir=.vipande --timeout=120 /data/ chanzo@bakapu:/nakala/data/`

Mara inayofuata itaanzia kwenye kipande hicho. Ongeza `ServerAliveInterval 30` kwenye mipangilio ya ssh ili laini iliyokufa igundulike mapema, badala ya amri kukaa imeganda hadi asubuhi. Ukianzisha kazi ndefu kwa mkono, ianzishe ndani ya `tmux`. La sivyo laptopu yako ikilala, bakapu inalala nayo.

Wengine huizungushia amri ijirudie yenyewe hadi ifaulu. Ni wazo zuri kwa laini mbovu, lakini iwekee ukomo, tuseme mara 10. Kuna hitilafu kama ile ya ruhusa, namba 23, ambazo hazitapona hata ukirudia mwaka mzima, na kila mzunguko unakula bando. Data tangu Julai 2021 ina ushuru wa asilimia 12 juu ya bei yake. GB iliyotumwa mara tatu bila sababu ni pesa ya mtu. Kwa sababu hiyo hiyo toa nje ya bakapu video za kamera za ulinzi kwa `--exclude`, na mchana weka `--bwlimit=300` ili wahasibu wasikose mtandao. Namba hiyo ni kilobaiti kwa sekunde.

Umeme ukikatika wakati wa kunakili, nakala iliyokuwepo inaharibika?

Ukitumia rsync kwa njia ya kawaida, nakala ya jana ya faili hiyo inabaki mahali pake mpaka mpya iwe imefika yote, ndipo majina hubadilishwa. Ukitumia `--inplace`, au `cp` ya kuandika juu ya ile ya zamani, unaweza kubaki na nusu mpya nusu zamani. Kwa umeme wetu, epuka hizo mbili.

UPS peke yake haitoshi kama haizungumzi na seva. Unganisha ule waya wake wa USB na uweke programu ya NUT au apcupsd, ili betri ikikaribia kwisha seva ijizime kwa utaratibu. Nimeona UPS nzuri zikiwa na waya huo bado umefungwa kwenye nailoni yake ndani ya boksi.

Diski ya nje isiyo na adapta yake hutegemea umeme wa mlango wa USB. Ukiisikia ikigonga au ikijitoa na kurudi yenyewe hasa faili zinapokuwa kubwa, jaribu mlango wa nyuma ya kompyuta, waya mfupi zaidi, au kigawanyio chenye umeme wake.

Na radi. Sisi wa upande wa Tororo tunaijua. Haiingii kwa nyaya za umeme tu, inaingia pia kwa kebo ya mtandao inayotoka kwenye antena juu ya paa. Diski ya bakapu iliyochomekwa saa zote itaungua pamoja na seva. Nakala ikikwisha, ichomoe na uipeleke chumba kingine.

Nataka seva ya nyumbani iivute bakapu kutoka ofisini, lakini haiipati kabisa. Ofisi inatumia laini ya simu.

Tazama anwani ambayo rauta imepewa na mtandao wa simu. Ikiwa inaanzia 100.64 hadi 100.127, au 10, hiyo si anwani ya hadharani. Wateja wengi mko nyuma ya anwani moja, na mtu wa nje hana namna ya kukubishia hodi. Kufungua milango kwenye rauta hakutasaidia hata ukae nayo siku nzima.

Geuza mwelekeo: ofisi ndiyo itume, kwa sababu kutoka nje inaruhusiwa. Kama pande zote mbili zina laini za simu, kodi seva ndogo yenye anwani ya hadharani na uziunganishe zote mbili nayo kwa WireGuard (VPN). Weka `PersistentKeepalive = 25`, la sivyo njia itajifunga laini ikikaa kimya.

Nikiandika amri kwa mkono inakubali, lakini usiku cron inashindwa.

Hili naulizwa kuliko yote. Cron, programu inayoendesha amri kwa ratiba, haina mazingira uliyonayo wewe ukiwa mbele ya skrini. Kwanza, haijui njia zote za programu, kwa hiyo andika njia nzima, mfano `/usr/bin/rsync`. Pili, ufunguo wako wa ssh huenda una nenosiri ambalo wewe uliliandika asubuhi na kompyuta ikalikumbuka. Cron haina wa kuliandika. Tengeneza ufunguo wa bakapu pekee, na upande unaopokea uuwekee mipaka ili hata ukiibwa usifungue kitu kingine. Tatu, alama ya asilimia ndani ya crontab ina maana yake maalumu. Ukiandika `date +%F` humo, amri inakatwa hapo hapo. Andika `\%`, au bora zaidi weka kazi yote kwenye skripti na cron iite skripti hiyo.

Na kama seva huzimwa jioni watu wakifunga ofisi, bakapu ya saa 8 usiku haitafanyika kamwe. Tumia kipima saa cha systemd chenye `Persistent=true`; kazi iliyopitwa itafanyika seva ikiwaka.

ssh inanikataa, na jana ilikuwa ikikubali.

"Permission denied" kwa ufunguo ulio sahihi mara nyingi ni ruhusa za folda: `.ssh` iwe 700, `authorized_keys` iwe 600, na folda ya mtumiaji isiandikwe na wengine. Ujumbe mrefu wa kutisha kwamba utambulisho wa mashine ya mbali umebadilika unakuja ukiiweka upya seva ile. Kama ni wewe uliyeiweka upya, futa ufunguo wa zamani kwa `ssh-keygen -R`. Kama hakuna aliyeigusa, usiendelee. Tafuta kwanza nani anajibu kwenye anwani hiyo.

Vifaa vya zamani vina shida yao. OpenSSH 8.8 ya mwaka 2021 iliacha kukubali sahihi za aina ya zamani za ssh-rsa, na 9.0 ya 2022 ikabadilisha scp, amri ya kunakili faili kupitia ssh, itumie njia nyingine iitwayo SFTP ndani yake. Hifadhi ya zamani isiyo na SFTP itakataa scp mpya hadi uongeze `-O`.

Kuna kisa kimoja kilichonichukua mchana mzima. Kijana wa ofisi, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameandika kwenye `.bashrc` ya seva inayopokea (faili ya amri zinazoendeshwa mtu anapoingia) mstari wa kusalimia: "Karibu Malaba". Kila rsync ilipoingia ilipokea salamu hiyo mahali ilipotarajia namba ya protokoli, ikakatika na kuuliza "is your shell clean?". Jaribu `ssh seva true`. Ikionyesha herufi hata moja, hapo ndipo penye shida.

Niliweka `--delete` ili nakala ifanane na asili. Asubuhi nimekuta nakala ni tupu.

Diski ya data haikupachikwa seva ilipowaka, folda ikawa tupu, na rsync ikatii: ikafuta nakala yote ifanane na utupu huo. Usiandike kitu kingine chochote kwenye diski ya nakala. Huenda sehemu fulani bado inaokoleka. Siku zijazo, skripti ianze na `mountpoint -q /data || exit 1`, na ulinzi kama huo uuweke pia kwenye diski ya bakapu, kwa sababu isipopachikwa, nakala inaandikwa ndani ya diski ya mfumo hadi ijae na seva isimame. Weka `--max-delete=500` au idadi inayokufaa. Kabla ya kubadilisha amri yoyote yenye `--delete`, iendeshe kwanza kwa `-nv` uone itakachofanya bila kukifanya.

Angalia pia mkwaju (/) wa mwisho. `/data/` ni vilivyomo ndani ya folda, `/data` ni folda yenyewe pamoja na vilivyomo.

Naweza kunakili folda ya hifadhidata ya MySQL kama ilivyo?

Ikiwa imezimwa, ndiyo. Ikiwa inafanya kazi, hapana: faili zinabadilika wakati unazinakili, na utapata kurasa za saa mbili tofauti zilizoshonwa pamoja. Tumia `mysqldump --single-transaction` kwa jedwali za InnoDB, au `pg_dump` kwa PostgreSQL, kisha nakili kilichotoka.

Baadhi ya faili zinakataliwa kwa sababu ya majina.

Windows na exFAT hazikubali alama kama `:` na `?` kwenye jina. Karani akihifadhi "Ankara 12:30.pdf" kwenye Linux itakaa, kwenye diski ya nje itakataliwa. Badilisha majina, au funga kwenye tar.

Seva inasema cheti cha mahali tunapotuma si halali, na kompyuta nyingine zinaingia vizuri.

Andika `date`. Seva ikionyesha mwaka wa zamani, ile betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao imekwisha na kila umeme ukikatika saa inarudi nyuma. Betri ni ya bei ndogo. Weka na chrony ili saa ijirekebishe kutoka mtandaoni.

Intaneti ikizimwa au ikifa nchi nzima, bakapu ya mbali inasaidia nini?

Kwa siku hizo haisaidii, na ndiyo maana nakala moja lazima iwe mkononi. Intaneti ilipozimwa nchini kuanzia jioni ya 13 Januari 2021 hadi 18 Januari, ofisi zilizotegemea hifadhi ya mtandaoni peke yake hazikuwa na bakapu mpya wala njia ya kuifikia ya zamani. Mei 2024 ilikuwa tofauti: nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na zilizoathirika ni safari za data za kwenda ng'ambo. Data inayotumwa hapa hapa nchini, kupitia kituo cha UIXP cha Kampala kilichopo tangu 2001, haina haja ya kupita baharini. Ukipata hifadhi nzuri Kampala, hiyo ni sababu ya kuifikiria kabla ya ile ya Ulaya.

Sababu nyingine ni Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Ukihifadhi taarifa binafsi za watu nje ya Uganda, nchi hiyo iwe na ulinzi usiopungua wa kwetu, au wenyewe wawe wameridhia. Ukiwa na rekodi za wagonjwa, jambo hili lijadiliwe na mwenye kliniki kabla hujabonyeza chochote.

Nitajuaje kwamba nakala ni nzima?

Mwaka jana dada mhasibu wa ofisi moja aliniuliza tu, bila shida yoyote iliyotokea, "Fundi, zile bakapu ziko sawa?" Nilitaka kumjibu ndiyo. Logi ilikuwa safi, kila usiku 0, kila faili na tarehe yake. Kisha nikaorodhesha ukubwa. Faili 19 za mwisho zilikuwa na baiti 20 kila moja.

Baiti 20 ni ukubwa wa faili ya gzip isiyo na kitu ndani. Nenosiri la hifadhidata lilikuwa limebadilishwa, `mysqldump` ikakataliwa, haikutoa kitu, na `gzip` ikabana utupu huo vizuri kabisa na kuripoti kwamba kazi yake imefanikiwa. Skripti inasikiliza amri ya mwisho kwenye mnyororo, na ya mwisho ilikuwa gzip. Rsync nayo ilisafirisha utupu huo hadi Tororo bila kupoteza baiti hata moja. Usiku 19. Seva ilikuwa bado hai, kwa hiyo hakuna kilichopotea, lakini nilikaa kwenye kiti chake pale nikihesabu mvua za radi zilizopita katika siku hizo 19.

Tangu hapo kila skripti yangu ya bash inaanza na `set -o pipefail`, ili amri moja ikianguka mnyororo wote uhesabiwe umeanguka. Baada ya kubana, inaendesha `gzip -t`. Inatazama mstari wa mwisho wa ndani, `zcat faili.gz | tail -n 1`, kwa sababu mysqldump iliyomaliza kazi huandika hapo "Dump completed". Inalinganisha ukubwa na wa jana, na ukipungua kwa zaidi ya nusu inanitumia ujumbe. Upande unaopokea `sha256sum` (namba ya kuhakiki yaliyomo) hupigwa upya na kulinganishwa na ile iliyopigwa wakati wa kupakia. Kwa folda nzima, `rsync -naci` husoma pande zote mbili na kutaja tofauti bila kugusa kitu. Ni ya polepole, kwa hiyo ninaiendesha Jumapili.

Bado hiyo yote ni kuhesabu magunia bila kufungua hata moja. Kwa hiyo mara moja kwa mwezi ninachukua laptopu isiyohusiana na seva, ninarudisha hifadhidata ndani yake, kisha namwita dada mhasibu aketi. Yeye ndiye anayechagua: ankara ya wiki iliyopita, nyingine ya mwaka juzi. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2014 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, kwa hiyo wakati mwingine anaomba ya miaka minne nyuma, ile yenye stempu iliyofifia. Tunaifungua, anaisogeza ikue kwenye skrini, anasoma namba ya kontena kwa sauti huku akiifuata kwa kidole kwenye karatasi iliyo ndani ya faili lake. Zikilingana anatia sahihi kwenye daftari, na tarehe.